Je, Wajua? Bosi wa Gemu Hukupa Ishara Kabla ya Kukupiga

Je, wajua kwamba bosi wa kwanza anayejulikana katika historia ya gemu alikuwa joka la dhahabu? Lilitungwa mwaka 1975 na Gary Whisenhunt na Ray Wood wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois, Marekani, kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO. Gemu yenyewe iliitwa dnd. Mchezaji alishuka mashimoni ngazi baada ya ngazi, akipambana na viumbe wadogo wadogo, mpaka akafika kwa joka lililolinda tufe la thamani. Picha za kutisha hazikuwepo. Skrini za PLATO zilichora kwa rangi moja tu ya chungwa. Hata hivyo mpangilio ule ndio tulionao mpaka leo: wadogo kwanza, mkubwa mwisho, na hazina iko nyuma ya mgongo wake.

Kwenye mashine za sarafu, bosi alianza kujitokeza na Phoenix ya mwaka 1980. Steji nne ni za ndege, ya tano ni chombo kikubwa cha anga kinachoshuka taratibu huku mchezaji akitoboa ganda lake risasi kwa risasi, hadi amfikie rubani aliyekaa katikati. Akipigwa huyo, chombo kizima kinalipuka. Mwaka 1985 kampuni ya Konami ikalipa wazo hilo sura iliyodumu zaidi katika Gradius. Chombo chake kiitwacho Big Core kina kiini katikati na vizuizi vimejipanga mbele yake kimoja baada ya kingine, nawe unavivunja kwa zamu. Kimerudi tena na tena katika mfululizo huo, chenye umbo hili au lile, na aliyekimaliza mara ya kwanza hahitaji kuelezwa pa kulenga.

Utamu wa mabosi, kwa maoni yangu, uko hapo hasa. Bosi mzuri hapigani ovyo. Ana mwendo wake, anaurudia, na kabla ya kila pigo anatoa ishara. Wengi wanaolalamika kwamba bosi fulani anaonea hawajapata kumtazama. Wamekuwa wakibonyeza padi tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Punch-Out!! ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1987. Ni gemu ya ndondi, na kila mpinzani ndani yake ni bosi. Wewe ni Little Mac, kijana mfupi anayewafikia wenzake kifuani au chini zaidi. Chukua King Hippo, pande la mtu ambaye ngumi za kawaida hazimfanyi kitu. Hujigamba kwamba ana udhaifu wake lakini hatausema. Mwili wake unausema. Anapoinua mkono ili akupige, hufumbua mdomo. Mpige mdomoni wakati huohuo, na kaptula inamshuka. Mkono wake unakimbilia kuishika, na tumbo lenye plasta linabaki wazi mbele yako. Hapo mshindilie ngumi upendavyo. Akianguka mara moja tu, haamki tena.

Bald Bull, bondia kutoka Uturuki, ana jambo lake jingine. Hurudi nyuma karibu na kamba, kisha huja akirukaruka kama fahali aliyekata kamba, na pigo linalofuata linakulaza chini hata kama damu yako imejaa. Dawa ni kumtia ngumi ya tumbo anapofika. Ukiwahi, umekwisha, ukichelewa, umekwisha, ukipatia, yeye ndiye anayelala. Watoto wa miaka ya 1980 walijifunza kwa kuhesabu miruko na kwa kupigwa sana. Mwaka 2009, Nintendo walipotoa Punch-Out!! mpya kwa mashine ya Wii, waliotengeneza ile ya zamani walifichua kwamba kulikuwa na msaada pale pale kwenye skrini. Upande wa kulia, katika umati wa watazamaji, kuna mpiga picha. Kamera yake humulika wakati uleule unaopaswa kurusha ngumi. Mwako huo ulikuwapo kwa miaka 22 bila kutangazwa. Siri hazikuishia hapo: mwaka 2016 shabiki mmoja aligundua mtazamaji mwenye ndevu anayeinamisha kichwa kwa wakati wa kumpiga Bald Bull, na pia mpinzani mwingine, Piston Honda, anaporudi kwa pambano la pili. Fikiria mtengenezaji aliyekaa kupanga jambo hilo katika picha ndogo ya mwaka 1987, akijua kwamba macho yote yatakuwa kwa bondia.

Gemu hiyohiyo inatuonyesha pia kwamba mwendo wa bosi una uhai wake, sura ni nguo tu. Bosi wa mwisho wa toleo la kwanza alikuwa Mike Tyson mwenyewe, bingwa wa dunia wa uzito wa juu wakati huo. Katika sekunde 90 za mwanzo, kila ngumi yake ya kidevuni ikikupata unalala. Ruhusa ya kutumia jina lake ilipokwisha, Nintendo wakaitoa tena gemu mwaka 1990 na bosi mpya aitwaye Mr. Dream. Walimbadilisha kichwa na rangi ya ngozi. Ngumi, muda na mpangilio vikabaki vilevile. Aliyemweza Tyson alimweza Mr. Dream siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba Bowser unayempiga mwishoni mwa dunia saba za kwanza za Super Mario Bros. (1985) si Bowser? Wachezaji wengi humkwepa, hugusa shoka lililo nyuma yake, daraja likakatika naye akatumbukia kwenye moto. Lakini ukiwa na uwezo wa kurusha moto na ukamuua kwa njia hiyo, sura yake ya kweli inaonekana anapoanguka: katika dunia ya kwanza ni Goomba, yule kiumbe mdogo wa kahawia unayemkanyaga tangu mwanzo wa gemu. Katika dunia ya pili ni kobe wa kawaida, na kila ngome ina wake. Wa kweli yuko dunia ya nane peke yake. Nyundo anazorusha pia zina mpangilio: ngome tano za mwanzo anatema moto tu, nyundo zinaanza ya sita, na katika ya nane vyote viwili vinakujia pamoja.

Kuhusu idadi ya mapigo, mfululizo wa Mario una mapenzi makubwa na tatu. Birdo wa Super Mario Bros. 2 huanguka kwa mayai matatu yaliyorudishwa kichwani kwake. Boom Boom wa Super Mario Bros. 3 hukanyagwa mara tatu. Mfalme Bob-omb wa Super Mario 64 (1996) huinuliwa kutoka nyuma na kutupwa chini mara tatu. Naona sababu yake ni ya ualimu: pigo la kwanza unabahatisha, la pili unathibitisha kwamba uliona sawa, la tatu unaonyesha kwamba umeelewa. Sonic wa Sega alichagua nane. Tangu gemu ya kwanza ya mwaka 1991, Dr. Robotnik na mashine zake nyingi huhitaji kugongwa mara 8, na mashabiki wa zamani huhesabu bila kujijua.

Sasa tuje kwa Capcom. Mabosi 6 wa Mega Man ya kwanza, ya mwaka 1987, wamepangwa kwa duara. Mchezaji huchagua mwenyewe aanze na nani, na kila bosi anayeuawa humwachia silaha yake. Silaha hiyo ndiyo sumu ya mwenzake. Mkasi wa Cut Man hukata nyaya za Elec Man. Umeme wa Elec Man humwangamiza Ice Man. Barafu ya Ice Man humzima Fire Man. Moto wa Fire Man huwasha mabomu ya Bomb Man. Mabomu hayo humvunja Guts Man, jitu la kubeba mawe, na uwezo wa Guts Man wa kurusha mawe ndio unaomponda Cut Man, tuliyeanza naye. Ni mantiki ya ule mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi, iliyoongezwa wachezaji.

Kwa hiyo swali gumu la Mega Man linaulizwa kabla hujapiga hata risasi moja: nani anayewezekana kwa bunduki tupu ya kuanzia? Ukimpata huyo, mlango wa wengine unafunguka. Halafu kuna ngome ya adui mkuu, Dr. Wily, mwishoni, ambako mabosi wote uliowashinda wanarudi kukutana nawe upya. Mtindo huo wa kuwarudisha wote kwa mkupuo umekuwa desturi ya mfululizo mzima. Katika Mega Man 2 (1988) una raha ya pekee: Metal Man, mrusha misumeno ya duara, akirudi unampiga kwa msumeno wake mwenyewe, naye anakufa kwa pigo moja au mawili.

Na je, wajua waliowabuni mabosi hao ni akina nani? Tangu Mega Man 2, Capcom ilifanya mashindano ya kuwaomba mashabiki wa Japani wachore mabosi wao. Michoro zaidi ya 8,000 ilipokelewa mara ya kwanza. Miongoni mwa washindi wa miaka iliyofuata alikuwapo kijana mdogo aitwaye Yusuke Murata, aliyebuni Dust Man wa Mega Man 4 na Crystal Man wa Mega Man 5. Leo Murata ni mchoraji mashuhuri duniani. Ndiye anayechora katuni za One-Punch Man.

Wapenzi wa The Legend of Zelda wanajua desturi nyingine: kifaa unachokipata ndani ya pango ndicho kinachomuua bosi wa pango hilo. Ukipewa mabomu, kuna mtu mbele anayesubiri kuyameza. Na kuna pambano moja ambalo mfululizo huu umelirudia kwa upendo mkubwa, la kurudishiana mpira wa nguvu kama wacheza tenisi. Lilianza na mchawi Agahnim katika A Link to the Past (1991): anakurushia mwanga, unaupiga kwa upanga, unamrudia mwenyewe. Lakini si lazima utumie upanga. Wavu wa kukamatia wadudu unarudisha mwanga uleule vizuri kabisa. Miaka 7 baadaye, katika Ocarina of Time, mwendo huo ukarudi kwa Ganondorf, na safari hii chupa tupu ndiyo inayoweza kushika nafasi ya upanga. Katika Twilight Princess ya mwaka 2006, ukiwa uso kwa uso na Ganondorf katika pambano la mwisho la panga, toa ndoano yako ya kuvulia samaki uizungushe. Mfalme wa giza ataikodolea macho. Watengenezaji hawakulazimika kuweka hilo. Waliliweka kwa ajili ya yule mmoja atakayejaribu, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa mchezaji.

Waliokulia kwenye vibanda vya pleisteshen vya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi wanaikumbuka Tekken 3, na hao ndio wanaolijua vizuri lile donge la umbo la pili. Unamshinda Ogre, unadhani umemaliza, kumbe jamaa anainuka akiwa na mabawa na pembe, mkono mmoja umejaa nyoka, na mdomoni anatema moto. Namco, watengenezaji wa Tekken, hawakuwa wa kwanza. Katika Castlevania ya mwaka 1986 Dracula hupigwa kichwani tu, sehemu nyingine za mwili hazihesabiki. Anaposhindwa, kichwa kinaruka na dubwana kubwa linachukua nafasi yake. Sephiroth wa Final Fantasy VII (1997) naye hubadilika kabla ya kufikia umbo lake la mwisho lenye bawa. Shambulio lake liitwalo Super Nova linachukua takriban dakika 2 za kutazama sayari zikiteketea moja baada ya nyingine. Wengi huweka padi chini wakidhani wamekufa. Ukweli ni kwamba Super Nova peke yake haiwezi kumuua mtu: inapunguza sehemu ya damu uliyobaki nayo, hivyo daima kinabaki kiasi. Kinachoua ni pigo linalofuata.

Mfululizo wa Resident Evil una bomba la roketi. Mwaka 1996 rubani wa helikopta alilidondosha juu ya paa ili kummaliza bosi Tyrant. Katika Resident Evil 2 mwanamke aliyejificha kwenye kivuli akalirusha chini. Katika ya 4, mwanamke aitwaye Ada akamrushia Leon, shujaa wa gemu. Katika ya 5, roketi zilitoka kwenye helikopta ya wenzako. Mchezaji mzoefu akiona bosi hafi kwa lolote, huanza kutazama juu.

Na Kirby, tangu Kirby's Dream Land ya mwaka 1992, huanza na Whispy Woods, mti wenye uso unaodondosha matofaa. Unayavuta mdomoni, unamtemea. Bosi wa kumfunza mtoto, na hakuna aibu kumpenda.

Ukishaizoea lugha hii ya ishara na marudio, ndipo unapofurahia mabosi walioivunja kwa makusudi. Metal Gear Solid ya Konami (1998) ina Psycho Mantis, anayedai anasoma akili yako. Anasoma kweli, ila anachosoma ni memori kadi: akikuta umeseivu gemu fulani nyingine za Konami, anakutajia. Anakuomba uweke padi sakafuni, kisha anaitetemesha. Kila unachobonyeza amekwishakijua, risasi hazimpati. Ufumbuzi ni kuchomoa padi kwenye tundu la kwanza na kuichomeka la pili. Hapo hakusomi tena. Miaka 10 baadaye, katika Metal Gear Solid 4, mzuka wake ulirudi kujaribu mchezo uleule, akashindwa, kwa sababu mashine ya PlayStation 3 haikuwa na memori kadi.

Mfululizo huohuo ulitupa The End, mzee mlenga shabaha wa Metal Gear Solid 3 (2004), aliyevuka miaka 100. Kumwinda msituni kunaweza kuchukua muda mrefu mno. Ukiseivu katikati ya pambano, ukazima mashine na kurudi baada ya wiki nzima, utamkuta amekwishakufa kwa uzee. Wasio na subira husogeza mbele saa ya mashine, na matokeo ni hayohayo.

Sans wa Undertale (2015), gemu ya Mmarekani Toby Fox, huvunja adabu nyingine. Katika gemu za kupigana kwa zamu, adui husubiri umalize kupiga, na hupigika. Sans anakushambulia wewe hujajiandaa, anakwepa kila pigo lako, na anakuumiza hata ukiwa unachagua kwenye menyu. Shambulio lake la mwisho ni kutofanya chochote. Zamu ni yake, na hataimaliza, ili yako isifike kamwe. Anasimama hapo mpaka usingizi unamchukua, nawe unasukuma kisanduku kidogo pole pole kuelekea kitufe cha kupigana. Sijaona pambano lililowaelewa wachezaji kwa undani namna hii.

Shadow of the Colossus (2005) ya Fumito Ueda ikaondoa kila kitu isipokuwa mabosi. Majitu 16, na katikati yao hakuna adui hata mmoja. Ni wewe, farasi, na ardhi tupu. Unainua upanga juani, mwanga unaelekeza jitu liliko, kisha unaonyesha sehemu ya mwili wake ya kuchoma. Ni gemu pekee ninayoijua ambayo kila ushindi unamwachia mchezaji huzuni.

Kisha wako mabosi wa kampuni ya FromSoftware. Malenia wa Elden Ring (2022) anajirudishia damu kila upanga wake unapokugusa, hata ukiukinga kwa ngao, kwa hiyo kosa lako moja ni faida yake mara mbili. Mchezaji mmoja aliyevaa chungu kichwani na kitambaa kiunoni alijitolea kuwasaidia wageni kumshinda. Alipofikisha ushindi wake wa 1,000, kampuni ya Bandai Namco ilimtumia upanga halisi. Malenia ni mkali, lakini anasomeka: ana mwendo, na mwendo una mwisho.

Bosi asiyesomeka ni jambo jingine, na mimi simtetei. Mwezi wa Agosti 2008, kikundi cha wachezaji wa Final Fantasy XI kilimkabili Pandemonium Warden, bosi anayebadilika umbo mara baada ya mara bila mchezaji kujua amebakiza mangapi. Walipigana naye kwa zaidi ya saa 18 mfululizo. Baadhi yao walitapika, wengine wakaishiwa nguvu, na wakaamua kuacha kwa kuhofia afya zao, bosi akiwa hai. Habari hiyo ilipoenea, kampuni ya Square Enix iliirekebisha gemu mwaka huohuo. Tangu hapo, Pandemonium Warden asipouawa ndani ya saa 2, huondoka mwenyewe.